Jinsi ya kuomba cheti cha Let's Encrypt kwenye Nginx bila kugusa faili la "default"

Cheti kinachoiwekea tovuti kikufuli kwenye kivinjari hutolewa bure na Let's Encrypt tangu mwisho wa 2015. Ombi lenyewe hufanywa na programu ya Certbot kwa dakika chache. Anayekwama, mara nyingi amekwamia kwenye Nginx, programu inayowapelekea wageni kurasa za tovuti: hajui kipi kwenye seva yake amekiandika mwenyewe na kipi alikikuta.

Hapa seva ni Debian au Ubuntu, na jina la tovuti ni mfano.co.tz. Weka lako.

1. Hakikisha jina linafika kwako

Rekodi za A (zinazofunganisha jina na anwani ya IPv4) za mfano.co.tz na www zielekee kwenye IP ya seva. Kama ipo rekodi ya AAAA (ya anwani ya IPv6), ikague vizuri. Let's Encrypt wakiiona hupitia IPv6 kwanza, na rekodi ya seva ya zamani iliyosahaulika huko huangusha ombi. Fungua poti 80 na 443. Wapo wanaofunga 80 wakidhani HTTPS haiihitaji, kumbe uhakiki unapita hapohapo: Certbot huandaa jibu chini ya `/.well-known/acme-challenge/`, nao Let's Encrypt huja kulisoma.

```
sudo apt install nginx certbot python3-certbot-nginx
```

2. Andika faili lako mwenyewe

Hapa tukae kidogo. Mipangilio ya Nginx ina tabaka tatu. La chini kabisa limo ndani ya programu, hulioni kwenye faili lolote. La kati limeandikwa na waliofungasha Debian au Ubuntu: `nginx.conf`, pamoja na `sites-available/default` linaloleta ukurasa wa "Welcome to nginx!". La juu ni lako. Usipoandika kitu, anakuamulia aliye chini yako. Chukua `worker_connections`: programu ikiachwa peke yake hutumia 512, lakini ukifungua `nginx.conf` ya Debian utakuta 768.

Mimi nilianza kwa kuhariri `default`. Usiku mmoja nikisasisha vifurushi, mfumo ukauliza: tubaki na faili lako au tuweke la mwenye kifurushi? Ukibonyeza Enter tu, unabaki na lako. Mimi, na usingizi wangu, nikabonyeza Y. Asubuhi kila aliyefungua tovuti akakaribishwa na Nginx. Bahati nzuri la zamani lilikuwa limewekwa pembeni kwa jina la `default.dpkg-old`. Tangu hapo `default` silishiki. Tengeneza `/etc/nginx/sites-available/mfano`:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name mfano.co.tz www.mfano.co.tz;
    root /var/www/mfano;
    index index.html;
}
```

Mstari wa `server_name` ndio Certbot atakaoutafuta. Lile la kifurushi lina `server_name _;` na neno `default_server`, yaani linampokea kila mgeni asiye na mwenyeji. Jina lako lisipoandikwa mahali, wageni wako wataishia huko.

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/mfano /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

Kama `nginx -t` haijasema "test is successful", usiende mbele.

3. Fanya jaribio

```
sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d mfano.co.tz -d www.mfano.co.tz
```

Usiiruke. Kwenye ombi la kweli, uhakiki ukifeli mara 5 kwa jina moja ndani ya saa moja, unasimamishwa kwanza.

4. Omba

```
sudo certbot --nginx -d mfano.co.tz -d www.mfano.co.tz
```

Utaulizwa barua pepe na kukubali masharti. Ukiona "Could not automatically find a matching server block", usianze kuomba upya kwa hasira: cheti kimeshatoka, kimekosa tu pa kukaa. Rekebisha `server_name`, kisha:

```
sudo certbot install --cert-name mfano.co.tz
```

5. Kuhuisha

Cheti kinadumu siku 90. Kifurushi cha Certbot huweka kipima muda kinachoangalia mara mbili kwa siku, kwa hiyo wewe thibitisha tu kwa `sudo certbot renew --dry-run`. Usitegemee barua pepe ya kukukumbusha. Let's Encrypt waliacha kuzituma Juni 2025.

Cheti kimewaka, picha hazipandi

Malalamiko haya huja wiki ileile, na cheti husingiziwa. Mtu anapandisha picha ya MB 3, anapata "413 Request Entity Too Large". Unaendesha `sudo nginx -T | grep client_max_body_size` na hakuna kinachotoka, unasema basi hakuna kikomo. Kipo: MB 1, kwenye lile tabaka la chini. `nginx -T` huonyesha yaliyoandikwa tu.

Fungua faili lako uongeze `client_max_body_size 10m;`. Ila sasa utakuta bloku mbili za `server`, maana Certbot ameshapita humo na kuacha mistari yenye "managed by Certbot". Bloku yako ya mwanzo ameihamishia poti 443, akaongeza nyingine ya poti 80 inayoelekeza watu kwenye HTTPS. Mstari wako uweke kwenye ile ya 443. Kisha `nginx -t`, reload, na umwambie aliyelalamika ajaribu tena.