Jinsi ya Kutunza na Kuboresha Kibanda cha Kulala Mgongoni mwa Pikapu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye Toyota Hilux au Land Cruiser 79 ambaye amejengewa, au amejijengea mwenyewe, kibanda cha kulala mgongoni mwa gari, na anayetaka kukitumia katika barabara za Tanzania na Kenya bila kurudi gereji kila baada ya safari. Wengi wakipata fedha kidogo hukimbilia kuongeza vitu: friji, paneli ya pili ya sola, turubai la pembeni, tenki kubwa zaidi la maji. Mimi nashauri waanze kwingine. Vibanda haviharibiki kwa kukosa vifaa. Huharibika kwa uzito uliowekwa mahali pasipofaa, kwa maji yaliyopenya kwenye maungio, na kwa mtikisiko uliolegeza kilichokuwa kimekazwa. Hayo yakishughulikiwa kwanza, kila kitakachoongezwa baadaye kitakuwa na mahali salama pa kukaa.

Uzito kabla ya kitu kingine chochote

Kila gari lina kibati cha kiwandani, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, kinachotaja uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa na watu, mafuta na mzigo wote. Pikapu za aina hii zimeundwa kubeba takriban tani moja, na watu husahau kwamba katika tani hiyo wamo abiria wenyewe, bampa ya chuma iliyoongezwa mbele, winchi, na kibanda kitupu kabla hakijawekwa hata sufuria. Peleka gari kwenye mizani likiwa limejazwa kama unavyosafiri nalo, maji na mafuta yakiwemo, kisha pima ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Jumla inaweza kuwa ndani ya kiwango huku ekseli ya nyuma ikiwa imekwisha kuzidiwa, na hali hiyo ndiyo ya kawaida kwa magari yenye vibanda.

Sababu yake ni mahali mzigo unapokaa. Hilux ya milango minne ina umbali wa milimita 3,085 kati ya ekseli mbili, na sehemu kubwa ya bodi yake ya mizigo iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukifunga tairi la akiba na madebe ya mafuta, jumla kilo 100, mita 1 nyuma ya ekseli hiyo, ekseli ya nyuma haibebi kilo 100 bali takriban 132, na ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 32 ambazo usukani ulikuwa unazihitaji. Kwa hiyo marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote hayagharimu hata senti: hamisha tenki la maji, betri na sanduku la spana mbele kabisa, nyuma ya kabini, na chini kadiri inavyowezekana. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tenki la lita 60 likikaa mlangoni mwa kibanda linaweza kubadilisha tabia ya gari zima kwenye kona.

Gari likiinama nyuma, fundi atakushauri kuongeza springi za upepo, yaani mifuko ya mpira inayojazwa hewa. Uwe mwangalifu. Springi za kawaida za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hushika chasisi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli, na kugawanya mzigo, ilhali mfuko wa upepo husukuma chasisi mahali pamoja katikati. Kibanda kizito kinachoning'inia nyuma, pamoja na mfuko uliojazwa sana na korongo moja la ghafla, vinaweza kuipinda chasisi ya pikapu ya milango minne, na chasisi iliyopinda ni gharama inayoweza kuzidi thamani ya kibanda. Ni afadhali kuweka springi za majani zilizotengenezwa kwa ajili ya uzito wa kudumu, zikiambatana na shokapu zinazolingana nazo, na kupunguza mzigo wenyewe. Katika kupunguza, tazama mbao za ndani: karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 18 hukaribia kilo 32, na ya milimita 9 ni nusu yake. Kabati halihitaji mbao nene. Linahitaji pembe zilizogundishwa na kuwekewa vipande vya kuimarisha.

Kilichofungwa hakibaki kimefungwa

Chasisi ya pikapu hujipinda kidogo gurudumu moja linapopanda jiwe. Kibanda kigumu kilichokazwa moja kwa moja kwenye chasisi kwa bolti nyingi hulazimishwa kujipinda nayo, na hapo ndipo nyufa za pembeni mwa milango huanza. Kwa kibanda kinachokaa juu ya bodi ya kiwandani, tandika mpira mgumu chini yake usiteleze, tumia bolti zisizopungua milimita 12, na chini ya bati la bodi weka vipande vipana vya chuma badala ya washa ndogo, kwa kuwa bati hilo ni jembamba na washa ndogo hulipenya. Kwa kibanda kilichojengwa badala ya bodi, mwombe fundi aweke fremu ya pili inayoshikwa kwa nguvu upande mmoja na kwa springi upande mwingine, ili chasisi ipate nafasi ya kucheza.

Baada ya saa ya kwanza ya barabara mbovu, simama ukaze upya bolti za kibanda pamoja na nati za magurudumu. Chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na bati lililo chini yake; mstari ukikatika, utajua kwa kutazama tu kwamba nati imezunguka. Kwenye barabara za kokoto zenye matuta madogo yaliyojipanga kama bati, kwa mfano ile ya kutoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi la Serengeti, punguza upepo wa matairi kwa karibu moja ya tano, punguza na mwendo, kisha ujaze tena ukifika lami. Hatua hiyo huokoa maungio mengi kuliko gundi yoyote, na wenye haraka ndio wasioamini.

Maji na vumbi

Bati la alminiamu lenye urefu wa mita 3 hurefuka karibu milimita 3 linapopata joto kwa nyuzi 40 zaidi ya alfajiri, na paa lililoachwa juani hufikia tofauti hiyo bila shida. Mbao iliyo chini yake hairefuki kiasi hicho. Kwa hiyo kila ungio la paa hucheza kila siku, na kizuizi cha maji kinachohitajika ni kile kinachobaki laini kwa miaka. Silikoni ya madirisha, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, naiona kuwa chaguo baya kwa kazi hii, kwa sababu ikibanduka mahali pamoja mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika, na haipakiki rangi. Tumia gundi ya poliurethani kwenye maungio, na mkanda wa butili, ambao ni mpira laini unaonata, chini ya fremu za madirisha, matundu ya hewa na miguu ya paneli za sola.

Ukirekebisha ungio la zamani, usipake gundi mpya juu ya ile iliyochoka. Kwangua yote kwa kisu cha plastiki, safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha paka kwa mkono usiotetemeka na ulainishe kabla gundi haijaanza kushika. Fanya kazi hii asubuhi au jioni, paa likiwa la wastani, maana gundi iliyopakwa kwenye bati la moto hupata mapovu. Halafu jaribu: mtu mmoja amwage maji kwa mpira kuanzia chini kupanda juu, taratibu, na mwingine awe ndani na tochi. Ukianzia juu, maji hutiririka kila mahali na huwezi kujua yameingilia wapi. Bonyeza mbao za pembe kwa kidole. Panapobonyea pameanza kuoza, na hapo lazima ufungue, kwa kuwa kufunika uozo ni kuufungia unyevu ndani.

Kwa wanaokaa au kupita pwani, kuanzia Tanga hadi Kilwa au Malindi, kuna jambo la ziada. Bolti ya chuma cha pua ikigusana na alminiamu penye chumvi, alminiamu huliwa polepole na kugeuka unga mweupe kuzunguka bolti. Weka washa ya nailoni na mafuta mazito kati ya hivyo viwili, na uoshe gari zima kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi bara.

Vumbi nalo huingia kwa njia isiyotarajiwa. Gari linapokwenda, msukumo wa hewa nyuma yake hupungua, na hewa yenye vumbi hufyonzwa kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma. Mpira mpya wa mlango husaidia, lakini dawa kamili ni kufanya hewa iwe na msukumo mkubwa zaidi ndani kuliko nje: toboa tundu la hewa sehemu ya mbele ya paa, lielekee mbele, liwe na kichujio cha sponji kinachofuliwa na kifuniko cha kulifunga wakati wa mvua. Gari likitembea, hewa safi huingia kwa nguvu na kutokea kwenye nyufa zilezile ambazo vumbi lingepitia. Tundu hilo, kama madirisha yote, liwe na wavu wa mbu usio na nafasi pembeni. Nchini mwetu hilo ni suala la malaria kabla ya kuwa suala la starehe.

Umeme

Anza na hesabu ya matumizi. Friji ya kompresa ya lita 40 kwenye joto la Dar es Salaam hutumia takriban ampea-saa 40 kwa siku (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme kinachotoka au kuingia kwenye betri). Taa, simu na pampu ya maji huongeza 15. Jumla ni 55. Paneli ya wati 200, kwa saa tano za jua zuri na baada ya kutoa upotevu, hurudisha karibu kiasi hicho hicho. Tanzania na Kenya zipo karibu na ikweta, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya paa hupoteza kidogo mno ikilinganishwa na iliyoinamishwa, na huna haja ya kununua vyuma vya kuielekeza. Inachohitaji ni kufutwa vumbi, kwa sababu paneli bapa haijisafishi.

Betri ya kawaida ya risasi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, na ina uzito wa karibu kilo 28. Ya lithiamu ya fosfati ya chuma yenye ukubwa huo huo hutoa 80 au zaidi kwa uzito wa karibu kilo 12. Ni ghali, lakini kwa gari ambalo ekseli yake ya nyuma imeshalemewa naihesabu kuwa fedha iliyotumika vizuri. Usiiunganishe moja kwa moja na oltaneta, yaani mashine ya kwenye injini inayochaji betri ya gari. Betri hiyo hupokea umeme kwa pupa kiasi cha kuichemsha oltaneta, hivyo weka kati yao chaja ya betri kwa betri, ambayo huweka kikomo na kutoa volti sahihi. Isiwekwe kwenye chumba cha injini, kwani joto hufupisha uhai wake.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni waya mwembamba. Friji inayovuta ampea 10 kupitia waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 5 hupoteza takriban volti 0.7 njiani, kwenda na kurudi, na friji huzima ikidhani betri imeisha. Waya wa milimita za mraba 6 hupunguza upotevu huo hadi chini ya volti 0.3. Pima mwenyewe kwa mita: soma volti kwenye betri, kisha kwenye friji kompresa ikiwa inafanya kazi, na tofauti ikuambie ukweli. Kila waya unaotoka betri uwe na fyuzi yake ndani ya sentimita 20 hivi, yenye ukubwa unaolinda waya wenyewe. Waya usio na fyuzi, ukichubuliwa na ukingo wa bati, huwasha moto kibanda watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo palipotobolewa bati pawekwe pete ya mpira, na viungio vibanwe kwa koleo maalumu, si kusokotwa na kufungwa kwa tepe.

Gesi, hewa na maji ya kunywa

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae nje ya kibanda au kwenye kasha lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la kutokea chini kabisa. Kila ufungapo regulata, paka povu la sabuni kwenye maungio utazame mapovu. Badilisha mpira wa gesi unapopata nyufa au muda wake ukipita. Jiko la mkaa lisiingie kibandani hata kwa kupasha joto usiku wa Ngorongoro, hata kama makaa yanaonekana yamefifia, kwa maana kaboni monoksidi haina harufu na huua waliolala. Acheni tundu moja la juu na moja la chini wazi usiku kucha. Watu wawili hutoa nusu lita hadi lita moja ya unyevu kwa kupumua, na usipotoka utalowesha godoro kwa chini.

Tenki la maji lisafishwe kila baada ya miezi michache: kwa tenki la lita 60, changanya mililita 90 hivi za dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, jaza maji, fungua bomba hadi harufu ifike, acha usiku mzima, kisha mwaga na suuza mpaka harufu iishe.

Gari linapokwenda kuegeshwa kwa miezi, mwaga maji yote, funga mtungi, acha mlango wa friji wazi, na kama kibanda kina paa la kuinuka, anika turubai lake hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja. Betri ya risasi iachwe imejaa na iongezwe chaji kila mwezi; ya lithiamu iachwe ikiwa nusu, na nyaya zake zifunguliwe.