Petroli ya mashine ya nyasi: pima, usikisie kwa rangi

Masika yakishika, Aprili na Mei, nyasi za Mombasa hazimngoji mtu. Leo umefyeka uwanja Nyali, wiki mbili baadaye mwenye nyumba anakupigia simu tena. Ndio msimu wetu wa kula, na ndio msimu mashine za begani zinapokufa kwa wingi. Nyingi ninazoletewa hazikufa kwa uzee, zimeuliwa na kidumu cha petroli.

Kosa ni lile lile. Mtu anamimina oili ndani ya petroli huku akitazama rangi. Ikiwa kama sharubati ya waridi, anasema basi, imetosha. Rangi ile imetiwa kiwandani tu. Kuna oili nyekundu, kuna ya buluu, kuna ya kijani, na moja imekolea kuliko nyingine. Haikwambii chochote kuhusu kipimo.

Injini hizi za mipigo miwili, tunazoziita tu-stroki, hazina oili yao chini kama gari. Petroli hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndipo ipande kwenye silinda, na oili iliyochanganywa humo ndiyo pekee inayolainisha beringi na pistoni. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua kidumu kisicho chake asubuhi moja huko Bamburi, nikajaza petroli tupu. Mashine ilipiga vizuri sana, nyepesi, nikafurahi. Baada ya muda ikaanza kulia sauti nyembamba, ikazima. Nikavuta kamba, kamba haiji. Nilipofungua eksozi na kuchungulia kwenye tundu, pistoni ilikuwa na mistari ya kwenda juu na chini, kama imeparuzwa na paka. Imenoki, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda. Pesa za kazi ya mwezi zilikwenda kwenye silinda.

Hatua ya 1: Jua kipimo cha mashine yako. Tazama kifuniko cha tangi au kitabu chake. Utaona 50:1, yaani sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, au 40:1 au 25:1. Gawanya 1000 kwa namba ile kubwa, unapata mililita za oili kwa lita moja ya petroli. Kwa hiyo 50:1 ni mililita 20, 40:1 ni 25, na 25:1 ni 40. Kidumu cha lita 5 kwa 50:1 kinataka mililita 100. Mashine za bei nafuu kutoka China mara nyingi huandikwa 25:1, basi usichukue kipimo cha jirani kwa kuwa zinafanana kwa sura.

Na wale wa "nitazidisha kidogo kwa usalama": oili ikizidi, plagi inalowa na kuwa nyeusi, eksozi inaziba masizi, na petroli inayofika kwenye moto inapungua kwa kuwa nafasi yake imeshikwa na oili. Hapo usalama hauko.

Hatua ya 2: Nunua oili inayostahili. Hapa sisi wa pwani tuna mtego wetu. Oili ya mashine za boti imejaa mjini kwa ajili ya wavuvi, na kopo lake pia limeandikwa tu-stroki. Tafuta herufi TC-W3: ukiziona, hiyo ni ya injini inayopozwa na maji ya bahari. Mashine yako inapozwa na upepo na inachemka zaidi. Chukua yenye alama ya ubora ya JASO FC au FD. Oili ya gari usiiguse kabisa, haikutengenezwa iungue pamoja na petroli.

Hatua ya 3: Petroli. Nunua sheli yenye wateja wengi, wala si ya chupa za kando ya barabara, ambayo hujui imekaa juani siku ngapi wala imetiwa nini. Beba kidumu cha mafuta chenye kifuniko kinachobana, na kikijazwa kiwe chini sakafuni, si juu ya pikipiki. Nunua ya kazi ya wiki mbili tatu tu.

Hatua ya 4: Changanya. Kazi hii haifanywi ndani ya tangi la mashine. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, lililotengwa kwa oili peke yake. Vizibo vya soda waachie watoto wachezee.

Tia nusu ya petroli kwenye kidumu. Vuta oili, hakikisha hakuna povu la hewa ndani ya bomba, mimina. Funga, tikisa kama unavyotikisa dafu kusikia maji yake, mpaka usione michirizi ya oili chini. Ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Kisha andika juu ya kidumu kwa kalamu isiyofutika: kipimo na tarehe. Kama ningeandika asubuhi ile ya Bamburi, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Hatua ya 5: Jaza. Injini imezimwa na imepoa, uko kwenye udongo mtupu, hakuna sigara karibu. Tikisa kidumu kwanza. Ukimaliza, pangusa kilichomwagika, sogea hatua kadhaa ndipo uvute kamba.

Hatua ya 6: Isome plagi. Baada ya siku ya kazi, injini ikishapoa, ifungue. Rangi ya kahawia ya chai ya maziwa ni salama. Nyeusi yenye mafuta, oili imezidi au filta ya hewa imeziba. Nyeupe kavu, simamisha kazi uangalie kidumu na kabureta kabla hujalipia pistoni.

Mchanganyiko usiutumie ukipita mwezi mmoja, na kwa joto letu mimi huuona mrefu hata huo. Kaskazi ikifika, nyasi zikakauka na mashine ikapumzika, mwaga kilichomo tangini kirudi kidumuni, washa injini iende mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ikauke. Toa plagi, dondosha matone machache ya oili ile ile ndani ya silinda, vuta kamba polepole mara mbili, rudisha plagi. Iweke ndani ya nyumba, mbali na dirisha la upande wa bahari.