Kabla baridi haijaanza: mbwa wa pua fupi apumue vizuri ndani

Ukiwa na pagi au buldogi au hata shitzu hapa Mbeya watu wanakwambia una bahati, hao mbwa adui yao joto na huku kwetu baridi tupu, we huna shida. Na mi niliamini hivo mwaka mzima. Kumbe huku shida iko ndani ya nyumba, pale tunapofunga madirisha yote na kuwasha jiko la mkaa. Ndo mana nayaandika haya kabla ya Juni, Julai ikishaingia na ule upepo wa Uyole hakuna mtu anakumbuka kufungua hata kadirisha kamoja.

Kwanza umjue mbwa wako alivyo. Hawa wamezalishwa miaka na miaka mpaka fuvu limekuwa fupi ila nyama za ndani hazikupungua, kale kanyama laini ka nyuma ya kaakaa kanakuwa karefu kanaziba njia ya hewa, na wengine hata bomba lenyewe la hewa ni jembamba. Mkamate leo akiwa ametulia umwangalie puani kwa karibu kabisa. Mbwa wa kawaida ana matundu ya wazi, wa kwangu ana nyufa mbili tu ka vile mtu kachanja na wembe, na akivuta hewa zile kuta za pua zinaingia ndani badala ya kutanuka. Ile kukoroma tunayoicheka sebuleni ndo hewa inagombana na hiyo nyama, jamani si madoido yake, anahangaika.

Akilala usingizi mzito hesabu pumzi dakika nzima, kifua kupanda na kushuka ni moja. Ikiwa chini ya 30 tulia, andika kwenye kalenda ya ukutani. Ukiona siku zinaenda na namba inapanda tu haishuki, nenda kwa daktari wa mifugo, na umrekodi kwa simu akiwa anakoroma au anahema vibaya mana ukifika kule anaweza kutulia kabisa daktari asione kitu.

Sasa jiko. Mwaka jana Julai nlikuwa naliingiza sebuleni jioni ili nyumba ipate joto, na mbwa nae anajua raha, analala hapohapo pembeni. Siku moja nimeinuka kuchukua chai nikasikia sauti ka ya msumeno unaokata mbao mbichi, nageuka namkuta amesimama, viwiko amevitanua nje, shingo kainyoosha mbele, hataki kulala wala kukaa. Nikafungua mlango nikambeba nikakaa nae barazani kwenye baridi, ilichukua ka robo saa ndo akarudi sawa. Mkaa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu na inaua hata watu, hilo tunalisikia kila msimu wa baridi, ila kwa mwenye pua ka hii hata ule moshi kidogo wa kuwashia unamvimbisha koo. Kwaiyo jiko libaki nje, ndani mpe blanketi na boksi lililoinuliwa kutoka kwenye saruji, na dirisha moja liachwe wazi upana wa kiganja usiku kucha. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi na sigara navyo vitoke alipo yeye. Mlioko Iringa mkaongeze na vumbi la kiangazi, fagieni kwa kunyunyiza maji kwanza.

Uzito ndo jambo kubwa kuliko yote na ndo tunalolichukulia poa. Mafuta yanajaa shingoni na kifuani, njia iliyokuwa finyu inazidi kubanwa. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, unatakiwa uzihisi mbavu. Wa kwangu nlikuwa sizihisi, nikapunguza lile bonge la ugali la jioni, nikagawa chakula chake kidogo asubuhi kidogo jioni, na wageni nikawaambia wasimrushie chochote. Kukoroma kumepungua, hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Mkanda wa shingo utoe kabisa, mnunulie ule wa kifuani, na ukikosa, fundi wa mabegi Mwanjelwa anakushonea kwa mkanda wa begi, mwambie tu usipite kooni.

Alafu safari. Mbeya mjini tuko ka mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Kyela kule karibu na Ziwa Nyasa ni 500 hivi, kwaiyo mbwa aliyezoea sweta anashushwa kwenye joto ndani ya masaa machache tu, na anayeenda Dar ni hivohivo akishashuka mlima Kitonga akakuta joto la Ruaha Mbuyuni. Mbwa hatoi jasho ka sisi, anajipoza kwa kuhema, na huyu kuhema kwenyewe ndo kunamshinda. Ondokeni alfajiri, beba dumu la maji lita 5, usimwache kwenye gari lililosimama hata ka unaenda kununua ndizi tu. Akianza kuhema kwa kelele, mate mazito, ulimi umeiva wekundu au fizi zinaenda rangi ya zambarau, simamisha gari kivulini, mmwagie maji mwili mzima huku mwingine anampepea, ndo mkimbie kwa daktari. Usimfunike na taulo bichi linazuia joto kutoka, na usimmiminie maji mdomoni yatampalia. Dawa ya kumlaza safarini usimpe kwa kuambiwa na jirani, inalegeza koo.

Operesheni ya kutanua pua na kupunguza ile nyama ipo, na inasaidia zaidi mbwa akiwa bado mdogo. Ila hawa nusukaputi kwao ina hatari zaidi, kwaiyo uliza mapema nani anaifanya na ana vifaa gani vya hewa, usisubiri usiku wa shida. Sisi tumeulizia mpaka SUA, kile Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wana hospitali ya wanyama, na tunataka tushuke nae kabla ya Agosti wakati huko chini bado kuna ubaridi kidogo. Kwenye kalenda jana usiku nimeandika 26.