Printa ya tangi ikianza kuacha mistari mitupu

Usikimbilie Luthuli Avenue, Nairobi, kununua wino mpya. Kama tangi lina wino, mara nyingi kasoro ni wino uliokauka kwenye matundu ya kichwa, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi. Chapisha kwanza ukurasa wa kukagua matundu, uone ni rangi ipi inayokatika. Kisha safisha kichwa kupitia menyu, mara moja, ukague tena. Ukifika mara tatu bila nafuu, acha! Kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji ya wino taka, na sponji hiyo ikijaa printa hugoma kabisa. Iache printa kwa muda wa saa 12 wino ulainike, ndipo ujaribu tena.

Zima kwa kitufe cha printa, kamwe si kwenye soketi ya ukutani. Kitufe hurudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Ukikata umeme ghafla kichwa kinaweza kubaki wazi na kukauka. Stima ikipotea katikati ya kazi, iwashe ikirudi, kisha uizime vizuri. Chapisha ukurasa wa rangi kila wiki.

Anayechapisha barua chache tu kwa mwezi ni heri anunue ya leza, inayochapisha nyeusi tupu. Tona, ambayo ndiyo wino wake, ni unga, haikauki.