SOMO: Shahidi wako yuko nje ya nchi. Someni hapa kwanza kabla ya kunipigia

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mzee, shahidi wangu yuko nje, nafanyaje?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nilikuwa wakili wa serikali, sasa nafuga kuku. Ninayoyasema yanahusu kesi za jinai za Tanzania. Kesi za madai zina njia yake kupitia mahakama yenyewe, msizichanganye.

1. Jiulize kama unamhitaji. Kama anachokijua kipo pia kwenye taarifa za benki, au kwa mtu anayeishi Temeke, mwache huko aliko.

2. Jua aliko hasa. "Yuko Uingereza" si anwani. Interpol, kupitia dawati lao ndani ya polisi wetu, wanaweza kusaidia kumtafuta. Kukuletea ushahidi wa kutumia mahakamani si kazi yao.

3. Usimhoji mwenyewe kwa simu ya video. Zipo nchi zinazovumilia maongezi ya hiari na zipo zinazokuona mhalifu. Uswisi, kifungu cha 271 cha sheria yao ya makosa ya jinai kinamwadhibu anayefanya kazi ya dola ya kigeni ndani ya ardhi yao bila kibali. Wewe umekaa Dodoma na kikombe cha chai, shahidi yuko Geneva, na kosa limeshatendeka.

4. Tafuta msingi wa ombi, yaani ile barua rasmi ya nchi yetu kuiomba nchi ile itusaidie kupata ushahidi wa shahidi huyo. Kwetu ni Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254, ya mwaka 1991. Kwa nchi za Jumuiya ya Madola upo Mpango wa Harare wa 1986, utaratibu wao wa kusaidiana katika jinai. Rushwa: Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ibara ya 46. Uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka: Mkataba wa Palermo, ibara ya 18, ila kwa kawaida kosa liwe la kifungo kinachoweza kufika miaka minne au zaidi. Mkihitaji mkataba wa nchi mbili na hakuna, msikate tamaa, hizi ibara mbili zimeandikwa kwa ajili hiyo.

5. Fuata njia. Mpelelezi kwa wakili wa serikali, wakili kwa Mwanasheria Mkuu, yeye kwa Mamlaka Kuu ya nchi ile, yaani ofisi iliyoteuliwa kupokea maombi haya. Uingereza ni kitengo kilicho ndani ya Wizara yao ya Mambo ya Ndani, lakini shahidi akiwa Scotland barua inakwenda Crown Office, ofisi ya waendesha mashtaka wa huko, Edinburgh. Marekani ni Office of International Affairs ya Wizara ya Sheria. Barua ya kituo cha polisi kwenda moja kwa moja kituo cha polisi cha Leeds itasomwa kwa adabu na kuwekwa pembeni.

6. Andika ombi. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kesi ya utapeli. Shahidi mhasibu, amestaafu, anaishi mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Nikaandika: "Tunaomba shahidi ahojiwe kuhusu anachokifahamu juu ya suala hili." Nikaambatisha hati ya mashtaka, nikajiona nimemaliza. Ikapita miezi, ikarudi karatasi moja na nusu. Yule askari alimuuliza mzee wa watu kile kile nilichoandika: unafahamu nini? Mzee akasema alifanya kazi pale kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, mshitakiwa alikuwa mwenzake, na anakumbuka "kulikuwa na matatizo ya ankara". Ankara gani? Hakuonyeshwa, kwa kuwa sikuzituma. Saini ya nani ile? Hakuulizwa, kwa kuwa sikuuliza. Askari hakukosea chochote. Hakuijua kesi, na mimi ndiye niliyepaswa kumjulisha.

Nikasema potelea mbali, hiki kidogo nitakitumia. Nikayapeleka maelezo chini ya kile tulichozoea kukiita kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoruhusu maelezo ya maandishi badala ya shahidi kusimama kizimbani. Mnakijua sharti lake: nakala wapewe upande wa pili, na wasipinge ndani ya siku kumi. Walipinga. Pingamizi likishaingia, karatasi yako inabaki karatasi. Katika ombi sikuwa nimetaja hata mstari mmoja kwamba shahidi aandaliwe kutoa ushahidi mubashara kwa video. Nikaanza upya tangu barua ya kwanza, huku mshitakiwa yuko rumande, na kila siku kumi na nne mwenzangu anasimama mahakamani Kisutu na kusema ile sentensi ambayo nchi nzima inaijua, kwamba upelelezi haujakamilika.

Kwa hiyo:

Andika maswali. Yote, kwa mpangilio, na chini ya kila swali gumu andika la kufuatia: "Akikana, muonyeshe kielelezo na. 4." Mwandikie askari ambaye leo asubuhi alikuwa anashughulikia wizi wa baiskeli.

Tuma vielelezo, vimepewa namba, na useme kipi aonyeshwe katika swali lipi.

Taja umbo la ushahidi unaoutaka. Maelezo yenye saini? Kiapo mbele ya hakimu? Video mubashara na wakili wa utetezi akihoji? Ibara ya 46 inasema ombi litatekelezwa kwa sheria ya nchi inayoombwa, lakini utaratibu ulioutaja utafuatwa inapowezekana na pasipogongana na sheria yao. Usipoutaja, watatumia wa kwao, na wa kwao unaweza usikufae. Mimi siku hizi ningeomba mawili: maelezo kwanza, na video utetezi ukipinga.

Sema kama shahidi ana hiari au amekataa. Marekani anayekubali anaweza kuhojiwa na ofisa tu. Anayekataa, mahakama yao inamteua mtu wa kumwita kwa amri. Ni kazi mbili tofauti, na usipowaambia ni ipi wataanza na ile nyepesi.

Kesi ya mauaji: SIMAMA. Adhabu yetu ni kunyongwa, na Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zitataka kuhakikishiwa kwamba haitatekelezwa kabla hazijakusaidia. Ahadi hiyo si yako kuitoa. Peleka suala juu mapema, kabla hujaandika neno.

Na ushahidi ukishakuja, ni wa kesi uliyoitaja. Usiuchomoe ukautumia kwenye jalada jingine bila kuomba ruhusa.

7. Tafsiri. Kwa lugha wanayoikubali wao. Oman Kiarabu, Ujerumani Kijerumani. Mfasiri awe wa kuaminika, awe tayari kusaini.

8. Siku ya video. Jaribuni mitambo siku moja kabla. Jenereta iwe na mafuta.

Maswali chini.

---

Mpelelezi_Kanda: Asante sana mkuu, somo zuri. Mimi shahidi wangu yuko Dubai, naomba namba ya Interpol nimalizane nao.

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mpelelezi_Kanda: Nimeisoma mkuu ila nina haraka.

Mwandishi: Kwa dharura mikataba ile miwili ya hatua ya 4 inaruhusu ombi la mdomo, nchi zikikubaliana, kisha lithibitishwe kwa maandishi mara moja. Bado linapita Mamlaka Kuu. Kesi ya lini?

Mpelelezi_Kanda: 2019.

Mwandishi: Basi huna haraka.

Binti_Sheria: Shikamoo mzee. Kitu kimoja kinanisumbua. Shahidi yuko London kwenye skrini, hakimu wetu yuko Dar. Akidanganya, amedanganya mahakama ya nani?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Swali hili mawakili wa miaka ishirini hawaulizi. Kwa Uingereza sheria yao ya ushirikiano ya 2003 imelijibu: ombi la video likipita kwao, mahakama ya huko inapangiwa kusimamia, na uongo unaosemwa pale unahesabika kama umesemwa katika shauri la kwao. Wanaweza kumshtaki wao. Ndiyo maana pia nawakataza video za kienyeji. Shahidi akiwa sebuleni kwake, nani anamshika? Humo ndani pia ana haki ya kukataa swali ambalo sheria ya kwao isingemlazimisha kulijibu, kwa hiyo hakimu wako aelezwe mapema asije akaona dharau.

Binti_Sheria: Na kama tunataka aje mwenyewe Dar?

Mwandishi: Akikubali, aje. Wengi wanaogopa kwamba wakitua watakamatwa kwa mambo yao mengine. Mikataba yote miwili inawalinda: hashtakiwi wala hazuiliwi kwa jambo la kabla ya safari, na kinga inaendelea siku 15 baada ya kuambiwa hahitajiki tena, isipokuwa abaki au arudi kwa hiari yake. Mweleze hivyo kwenye barua ya wito. Aliyefungwa huko naye anaweza kuletwa, kwa ridhaa yake, akiwa chini ya ulinzi, kisha arudishwe.

Kobe_wa_Pangani: Huu wote ni urasimu. Dunia ya leo mtu unampigia Zoom dakika tano umemaliza. Ndio maana kesi zinakaa miaka.

Mwandishi: Dakika tano umemaliza, na mshtakiwa wako anaachiwa kwa dakika mbili. Nimeeleza kwa kuungua mwenyewe. Ukitaka kuungua na wewe, moto upo.

Kobe_wa_Pangani: Sijakutukana mzee.

Mwandishi: Sawa. Video yenyewe sina ugomvi nayo, ibara ya 46 inaitaja kwa jina. Ila iombwe.

Pwani254: Mzee, sisi wa Kenya je?

Mwandishi: Ninyi mna Sheria ya Kusaidiana Kisheria (Mutual Legal Assistance Act) ya 2011, na Mamlaka Kuu ni Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hatua ya 6 ni ile ile neno kwa neno.

Dada_Dawati: Shikamoo. Niko dawati la jinsia. Msichana alipelekwa Muscat kufanya kazi za ndani, waliompeleka tumewakamata hapa, yeye bado yuko kwa yule yule mwajiri. Nina hofu ombi likifika huko litamletea shida.

Mwandishi: Hofu yako ni ya kweli, na nashukuru umeiweka mbele. Oman wamo kwenye Palermo, kwa hiyo njia ipo. Lakini ombi lolote linapita mikono mingi. Kwanza, omba usiri kwa maandishi. Mkataba unasema ombi litatunzwa siri ukitaka, na wakishindwa wakuambie mara moja ili uamue kuendelea au kusimama. Pili, taja kwamba asihojiwe nyumbani kwa mwajiri wala mwajiri asijulishwe, na mkalimani awe mwanamke anayejua Kiswahili. Tatu, na hili ningelianza hata kabla ya ombi: ubalozi wetu Muscat ujue yupo. Kama anataka kurudi, mrudisheni, achukuliwe maelezo hapa, na ombi utakuwa huna haja nalo. Mtu kwanza, dada yangu. Jalada litasubiri.

Dada_Dawati: Nimekuelewa. Naanza na ubalozi.

Mtafsiri_Mzee: Nichangie kwenye hatua ya 7. Nimekalimani miaka mingi. Shahidi akisema "kaka yangu", mkalimani anaandika ndugu wa tumbo moja, kisha utetezi unaleta cheti cha kuzaliwa kuonyesha ni mtoto wa baba mdogo, na shahidi anaonekana mwongo. Waambieni waulize pale pale: mama mmoja, baba mmoja?

Mwandishi: Hii inaingia kwenye somo. Ongeza "shangazi" na "mjomba", kwa Kiingereza upande wa mama na wa baba unapotea.

Binti_Sheria: Mzee, mahakama yenyewe inaweza kusafiri badala ya shahidi?

Mwandishi: Nchi inayoombwa ikikubali, ndiyo. Mahakama ya wilaya ya Porvoo, Finland, ilipokuwa ikimsikiliza François Bazaramba kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilifunga safari ikawasikiliza mashahidi Kigali na hapa hapa Dar es Salaam. Wazungu waliona ni nafuu majaji wakaze mikanda ya ndege kuliko kuwahukumu watu kwa karatasi.

Pwani254: Na saa je? Sisi tulipishana na watu wa Ulaya saa nzima.

Mwandishi: Ulaya wanabadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. London tunawatangulia saa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi. Ukipanga mwezi Februari shauri la Aprili, hesabu upya. Tena andikeni saa ya kizungu. Karani mmoja aliandika "4:00" akimaanisha saa nne asubuhi. Shahidi aliamka usiku wa manane, akakaa mbele ya skrini tupu, na alipopatikana tena ilibidi aombwe radhi kwa barua.

Mpelelezi_Kanda: Mkuu nimerudi. Nimeandika ombi, naomba ulipitie.

Mwandishi: Maswali yapo?

Mpelelezi_Kanda: Lipo moja, la jumla.