Ugonjwa wa Reye: mtoto anapotapika baada ya mafua au tetekuwanga

Ugonjwa wa Reye ni nadra lakini ni hatari: huumiza ini na kuvimbisha ubongo wa mtoto. Mafua makali au tetekuwanga imeanza kupoa, mama ameshashusha pumzi, kisha siku ya tatu hadi ya tano mtoto anaanza kutapika bila kukoma. Halafu analala mno, au anakuwa mkali, anasema maneno yasiyoeleweka, hamtambui aliyembeba. Kichanga huenda asitapike. Yeye huhara na kuhema haraka. Muulize mzazi kwa upole lakini bila kuzunguka: alipewa aspirini? Dawa hiyo, ikitumiwa wakati wa maambukizi ya virusi kama haya, inahusishwa na ugonjwa huu.

Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Asinyweshwe chochote akiwa amelegea, maana matapishi huingia mapafuni.

Hospitalini pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe glukosi ya 10% mshipani, mililita 5 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 12 apate mililita 60. Pima tena baada ya nusu saa, kwani ini lililoumia halihifadhi sukari na hushuka upya. Pima malaria, na fikiria homa ya uti wa mgongo. Hayo ni ya kawaida zaidi na yanatibika. Vimeng'enya vya ini na amonia (taka ya mwili ambayo ini huiondoa) huwa juu katika damu, ila macho hayawi ya manjano, na hapo ndipo wengi hushindwa kuutambua ugonjwa.

Ubongo ukivimba, inua kichwa nyuzi 30, shingo inyooke, toa manitoli (dawa ya mshipani ya kupunguza uvimbe wa ubongo) gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, na mpeleke ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

Dawa ya homa ya mtoto ni parasetamoli, si aspirini: miligramu 15 kwa kilo kila dozi, isiyozidi mara nne kwa siku.