Somo: Kupanga dau kwenye mashindano ya blakijaki

Jumamosi iliyopita hapa Kondele wawili wetu walitolewa ingawa karata walizicheza vizuri kabisa. Kilichowaangusha ni dau: waliweka bila kuhesabu kete (vihesabio vya dau) za jirani. Iliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilishatolewa hivyo hivyo kule Nakuru.

Blakijaki ni mchezo wa karata ambao unamshinda mgawaji kwa kukaribia 21 kuliko yeye bila kuizidi. Ila katika mashindano, mpinzani wako si mgawaji. Wote mnaanza na kete sawa, migao (mizunguko ya kugawa karata) inajulikana idadi yake, na mwenye kete nyingi mezani ndiye anayesonga mbele. Kwetu ni kete 1,000, migao 20, dau la chini 10, la juu 500, na blakijaki yenyewe (21 kwa karata mbili za kwanza) hulipa 3 kwa 2. Tunatumia punje za mahindi, pesa haziwekwi mezani, na aliye chini ya miaka 18 hachezi.

Hatua ya 1. Hesabu kete za kila mtu kabla ya kuweka dau, hasa migao 5 ya mwisho. Mwanzoni weka dogo, uwaache wenye papara wajitoe wenyewe.

Hatua ya 2. Jua nani ataweka dau wa mwisho kwenye mgao wa 20, kwa kuwa yeye anaona madau ya wote kwanza. Zamu ya kuanza husogea kiti kimoja kila mgao. Meza ikiwa na watu 6, aliyeanza mgao wa 1 ndiye atakayefunga mgao wa 20.

Hatua ya 3. Ukiongoza, mfuate anayekukaribia. Tuseme una 1,300, yeye ana 1,100 na ameweka 500. Nawe weka 500. Mkishinda wote, 1,800 kwa 1,600. Mkipoteza wote, 800 kwa 600. Pengo la 200 halibanduki. Karata za mgawaji ni zile zile kwenu wote, kwa hiyo mara nyingi mtapanda au kushuka pamoja.

Hatua ya 4. Ukifuata nyuma, fanya kinyume chake. Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Sasa wewe ndiye mwenye 1,100, na unaweka dau baada yake.

Kiongozi akiweka 100, weka 500. Akipoteza atabaki na 1,200, kwa hiyo kuokoa kete hakukusaidii. Ukishinda una 1,600, na hata yeye akidabo (kuongeza dau maradufu na kupewa karata moja tu zaidi) na kushinda ana 1,500.

Kiongozi akiweka 500, usimkimbize. Weka 210. Akipoteza atabaki na 800, nawe hata ukipoteza una 890. Akitoka sare na mgawaji atabaki na 1,300, nawe ukishinda una 1,310. Ndiyo maana nasema 210 na si 10. Mchezaji mzuri hupoteza takriban mara 48 katika 100 na kushinda 43, basi kumsubiri aanguke si woga.

MASWALI

Mwanachama wa Bondo: Mwalimu, kwenye hatua ya 3, mbona nisiweke 310? Nikishinda nina 1,610, naye ana 1,600.

Jibu: Hesabu yako ni sahihi mpaka adabo. Akidabo na kushinda anafika 2,100. Wewe na 310 yako, hata ukidabo, unaishia 1,920. Ukiwa na 500 unadabo pia na kufika 2,300.

Mwanachama wa Kakamega: Nimeachwa kete 600 na migao 4 imebaki. Nipande kidogo kidogo?

Jibu: Hapana, dada. Kila dau dogo linampa mgawaji nafasi nyingine ya kukumega. Chagua mgao mmoja ambao kiongozi ameweka kidogo, uweke dau la juu. Likikubali, uko karibu naye.

Mwanachama wa Nakuru: Mgao wa mwisho nina 18, na ushindi wa kawaida haunifikishi. Nidabo kweli kwenye 18?

Jibu: Ndiyo, kama kudabo tu ndiko kunakokupitisha. Wa pili hasongi mbele, awe amepungukiwa na 10 au 900. Ila meza nyingine hukubali kudabo kwa 9, 10 na 11 pekee. Muulize msimamizi kabla ya mgao wa kwanza.